Bodi inataka geti lifungwe kutwa nzima. Tufanyeje na ruhusa za wanafunzi?

SWALI

Ndugu mshauri,

Mimi ni makamu mkuu wa shule ya sekondari ya kata mkoani Morogoro. Tuna wanafunzi 640, wote wa kutwa, kidato cha kwanza hadi cha nne. Vipindi vinaanza saa 2:00 asubuhi, mapumziko ni saa 4:40 hadi 5:20, na tunamaliza saa 8:40 mchana. Tuna ukuta upande wa barabara kuu tu. Pande nyingine tatu ziko wazi, na soko ni mwendo wa dakika tano kwa miguu. Mlinzi wa mchana ni mmoja.

Mwezi uliopita alifika mtu getini akasema ni mjomba wa msichana wa kidato cha pili, na kwamba nyumbani kuna msiba. Mwalimu wa zamu alimpigia baba wa binti kwa namba aliyotajiwa na mgeni huyo huyo. Sauti ya kiume ikakubali, binti akaruhusiwa. Baba halisi alikuja saa 11 jioni kumtafuta mwanawe. Binti alipatikana usiku ule, hajadhurika, na suala liko polisi. Wazazi wamekasirika, na wana haki.

Bodi ya shule imeagiza kuwa kuanzia muhula ujao geti lifungwe kwa kufuli tangu saa 2:00 hadi 8:40, asitoke mwanafunzi yeyote isipokuwa mgonjwa mahututi. Walimu wamegawanyika. Wanaounga mkono wanasema utoro wa baada ya mapumziko umezidi: darasa la wanafunzi 52 linabaki na 38. Wanaopinga wanauliza: wanaokwenda kutafuta chakula je? Waislamu siku ya Ijumaa? Tuna mabinti wawili waliorejea shuleni baada ya kujifungua, na mmoja hutoka kwenda kunyonyesha. Pia tuna vijana wa kidato cha nne wenye miaka 18 na 19 wanaosema wao ni watu wazima.

Nimepewa wiki tatu niandike kanuni. Nani asaini, karatasi ya ruhusa iweje, na hayo makundi niyafanyeje?

Makamu Mkuu, Morogoro

JIBU

Mwalimu, poleni sana kwa yaliyowapata.

Tuanze na tukio lenyewe, maana naona bodi imelisoma vibaya. Siku ile geti lilikuwepo, mlinzi alikuwepo, mwalimu wa zamu aliulizwa na alipiga simu. Kasoro ilikuwa moja: namba iliyopigwa ilitoka mdomoni mwa mgeni. Kufuli lisingesaidia kitu, kwa sababu mwalimu aliyekwisha kuridhika angemwambia mlinzi afungue. Kanuni yako isimame juu ya makabidhiano. Asubuhi mzazi anaikabidhi shule mtoto wake, na hadi saa 8:40 shule ndiyo inayomjibia. Anayetoka kabla ya hapo anakabidhiwa kwa maandishi kwa mtu anayejulikana; na kama hakukabidhiwa kwa mtu, basi shule bado inamjibia hata akiwa nje ya geti.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni fomu ya mawasiliano. Kila mwanafunzi awe na karatasi moja yenye majina ya watu wasiozidi wanne wanaoruhusiwa kumchukua, uhusiano wao naye, namba zao za simu, na sahihi ya mzazi au mlezi. Fomu zipangwe kwa mikondo ndani ya faili moja gumu, na faili hilo likae kwenye meza ya mwalimu wa zamu. Likifungiwa ofisini kwa mkuu wa shule, ambako ufunguo ni mmoja, siku mkuu akienda wilayani mwalimu anabaki kumwuliza mgeni namba, na mnarudi pale pale. Fomu ijazwe upya kila Januari na ihakikiwe muhula wa pili unapoanza. Namba zilizoandikwa mtoto akiingia kidato cha kwanza hazitegemeki akifika cha tatu: laini hupotea, mzazi huhama, mlezi hubadilika.

Simu ipigwe kwa simu ya shule, kwenda kwenye namba iliyo ndani ya faili. Mzazi akipiga yeye kuomba mtoto aruhusiwe, mwalimu akate kwa heshima kisha ampigie kwa namba ya kwenye faili. Asipopatikana wa kwanza, apigiwe wa pili, kisha wa tatu. Asipopatikana hata mmoja, mwanafunzi haondoki, hata kama sababu ni msiba. Msiba ndicho kisingizio chepesi kuliko vyote, kwa kuwa hakuna anayependa kumsumbua mfiwa kwa maswali. Mgeni aketi kwenye benchi la getini, apewe maji, asubiri. Mjomba wa kweli atanuna kwa nusu saa, kisha ataelewa.

Mgeni aonyeshe kitambulisho cha NIDA, kadi ya mpiga kura au leseni ya udereva, na namba yake iandikwe. Mwanafunzi aulizwe akiwa peke yake, mbali na mgeni: huyu ni nani, anaishi wapi, mara ya mwisho mlionana lini. Lakini jibu lake pekee lisitoshe, kwa maana wapo wanafunzi waliokwisha kupanga na mgeni. Kwa wazazi waliotengana, shule ifuate majina yaliyo kwenye fomu. Kama kuna amri ya mahakama kuhusu malezi, nakala yake iwekwe kwenye jalada la mtoto.

Sasa karatasi. Wapelekee wachapaji wakutengenezee vitabu vya ruhusa kama vile vya risiti: nusu ya A4, nakala tatu, namba zimechapwa kwa mfululizo. Nakala ya juu anakwenda nayo mwanafunzi, ya pili anabaki nayo mlinzi, ya tatu haitoki kitabuni. Iwe na jina kamili, kidato na mkondo, sababu, saa ya kutoka, saa ya kurudi au neno "harudi leo", jina la anayemchukua na uhusiano wake, namba iliyopigwa na saa iliyopigwa, kisha sahihi mbili. Ya kwanza ni ya mwalimu wa zamu, ambaye ndiye aliyepiga simu. Ya pili ni yako, na usipokuwepo, ya mwalimu wa malezi. Mwalimu wa somo au wa darasa anaweza kupendekeza tu. Ruhusa ya geti haitoi yeye.

Mifumo ya namna hii huharibikia mahali pa kawaida kabisa. Mwalimu mwenye haraka anasaini kurasa kumi tupu ili "zisaidie" akiwa darasani. Muhuri unaachwa mezani. Kiranja anakabidhiwa kitabu. Saa ya kurudi haijazwi, hivyo hakuna anayejua kama mtoto amechelewa au amepotea. Piga marufuku hayo manne kwa maandishi, kwenye ukurasa wa ndani wa jalada la kitabu.

Mlinzi wako ni mmoja, basi mpe kazi anayoweza kuifanya. Aangalie sahihi mbili akizilinganisha na sampuli zilizobandikwa ndani ya kibanda chake, amlinganishe mgeni na jina lililoandikwa, aandike saa. Karatasi yenye namba iliyoruka mbele au kurudi nyuma aipeleke kwa mwalimu wa zamu kabla ya kufungua. Saa 8:50 mwalimu wa zamu aweke nakala za kitabuni pembeni ya nakala za mlinzi, azihesabu. Ikipungua moja, itafutwe siku hiyo hiyo, isingoje kesho.

Mwanafunzi aliyepaswa kurudi akichelewa dakika 30, mlinzi amjulishe mwalimu wa zamu, naye ampigie aliyemchukua na mzazi. Ikipita saa nzima bila jibu, mkuu wa shule ajulishwe, kisha mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji anakotoka mtoto, na polisi. Imani kwamba lazima saa 24 zipite ndipo polisi waambiwe imewachelewesha wengi. Kwa mtoto, ripoti mapema. Pakiwa na dalili ya mtu mzima anayemrubuni msichana, nenda moja kwa moja dawati la jinsia na watoto la polisi, na ile namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto haitozwi. Wazazi na vijana wa bodaboda wakumbushwe hadharani kwamba kumpa mimba au kumwoa mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30 tangu Sheria ya Elimu irekebishwe mwaka 2016.

Nije kwenye utoro, ambao ni tatizo jingine kabisa na bodi imeuchanganya na hili. Wanafunzi 14 wanaopungua kwenye darasa la 52 hawapiti getini kwa mjomba wa uongo. Wanapita pande tatu zilizo wazi. Hata geti likichomelewa, watapita huko huko.

Kwa wiki mbili, kabla ya kuadhibu mtu, itisheni majina mara mbili: asubuhi, na tena saa 5:20 kipindi cha tano kinapoanza. Andikeni jina, siku, na kipindi kilichofuata. Mwelekeo utajitokeza haraka. Kama wanaotoweka ni wa mkondo mmoja siku zile zile, tazama ratiba: mara nyingi kuna kipindi kisicho na mwalimu hapo, na mtoto aliyekaa dakika 80 bila mwalimu anajua njia ya kwenda kibanda umiza cha video. Kama ni wa madarasa yote na kila siku, tafuta njaa.

Na kwenu njaa ina nafasi kubwa. Saa 2:00 hadi 8:40 ni saa sita na dakika 40, bila kuhesabu mwendo wa alfajiri wa anayetoka mbali. Mtoto huyo hawezi kuzuiwa kwa kufuli. Makande yanahitaji takriban gramu 150 za mahindi na gramu 50 za maharage kwa kila mwanafunzi, yaani kilo 96 na kilo 32 kwa siku kwa wote 640: karibu gunia zima la mahindi kila siku. Hilo ni zito kwa mwanzo. Uji ni mwepesi zaidi: gramu 50 za unga kwa kila mmoja ni kilo 32 kwa siku, na unatosha kumfikisha saa 8:40. Kinachoua mpango wa uji ni foleni. Kwa sufuria moja, hata ukimhudumia kila mwanafunzi kwa sekunde tano tu, dakika 53 zinapita na mapumziko yenu ni dakika 40. Wekeni vituo vinne, kila kidato na sufuria yake. Wanafunzi 160 kwa sekunde 10 kila mmoja ni dakika 27, na muda wa kuosha vikombe unabaki.

Mchango wa uji upitishwe kwenye mkutano wa wazazi na uwe wa hiari. Asiyechanga apewe uji sawa na wenzake. Wakati mpango unaiva, waingizeni ndani wauza maandazi, chapati na mihogo wanne au watano, kila mmoja na cheti cha kupimwa afya na mahali pake pa kukaa. Asilimia kubwa ya safari za sokoni itakwisha hapo.

Tazama na vyoo. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Wakiwa nusu kwa nusu, mnahitaji matundu 16 ya wasichana na 13 ya wavulana. Pawepo chumba maalumu cha wasichana chenye maji, sabuni, taulo za kike, khanga ya kujifunga na ndoo yenye mfuniko. Msichana aliyechafuka saa 3:00 asubuhi bila chumba hicho atakwenda nyumbani, na mara nyingi harudi siku hiyo. Ufunguo akae nao mwalimu wa kike au matroni, naye msichana asiulizwe maswali.

Kuna jambo nalisema kwa uchungu. Shule nyingi zenyewe ndizo zinazowatoa watoto nje. Mwalimu anamtuma mwanafunzi sokoni kununua nyanya. Mwingine anamtuma nyumbani kwake kufuata chaja. Wanafunzi 20 wanarudishwa saa 2:15 kwa kuwa hawajanyoa, 15 kwa kuwa hawajaleta mchango. Hao wote wako barabarani saa za masomo, hawana karatasi, hawajakabidhiwa kwa mtu, na mzazi anaamini wako darasani. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, na miongozo yake hairuhusu mwanafunzi kukoseshwa masomo kwa ajili ya mchango. Mzazi ndiye wa kupigiwa simu au kuandikiwa barua. Mtoto abaki darasani. Kifungu cha kwanza cha kanuni yako kiwahusu walimu: hakuna mwalimu anayemtuma au kumrudisha mwanafunzi nje ya geti saa za masomo, mkuu wa shule akiwemo. Bila kifungu hicho wanafunzi hawatayaheshimu yaliyobaki.

Ijumaa inatatulika kwa ratiba. Fupisha vipindi vya siku hiyo viwe dakika 35. Vinne vya kwanza vinakwisha saa 4:20, mapumziko hadi 4:45, vitatu vinafuata hadi 6:30, kisha nafasi ya saa nzima, na viwili vya mwisho ni 7:30 hadi 8:40. Unapoteza dakika 45 kwa wiki na hakuna anayekosa kipindi. Wanaokwenda kuswali waende pamoja, msikiti mmoja, wakiongozwa na mwalimu mlezi wao mwenye orodha ya majina, ihesabiwe wakitoka na wakirudi. Wanaobaki wawe na jambo la kufanya: kipindi cha dini yao, klabu au majaribio.

Mabinti wanaonyonyesha walirudi kwa haki: Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliwafungulia mlango. Kanuni ya bodi kama ilivyo ingewafukuza kimya kimya. Wape kibali cha muhula chenye saa maalumu, kilichosainiwa na mzazi na mkuu wa shule, ili wasiombe upya kila siku mbele ya watu. Nyumbani kukiwa zaidi ya dakika 15 kwa miguu, dakika 40 za mapumziko hazitoshi kwenda, kunyonyesha na kurudi. Hapo ni bora anayelea mtoto amlete shuleni saa 4:40, na binti anyonyeshe kwenye chumba chenye faragha. Akipenda kukamua maziwa asubuhi, yaachwe nyumbani kwenye chombo safi chenye mfuniko, mahali pa baridi, na yasikae zaidi ya muda wa saa nne kwenye joto la kawaida la chumba.

Kibali hicho hicho wapewe wanaohudhuria kliniki mara kwa mara, kama wenye selimundu au wanaotumia dawa za muda mrefu. Kwenye karatasi andika "kliniki" tu. Jina la ugonjwa lisifike kwa mlinzi, na lisisomwe mstarini. Mgonjwa wa ghafla asitoke peke yake hata akisema anaweza: mwalimu au matroni anakwenda naye zahanati huku mwingine akimpigia mzazi.

Vijana wa miaka 18 na 19 wanafuata utaratibu ule ule. Utu uzima unampa haki ya kusema mwenyewe kuhusu matibabu yake, lakini ni mwanafunzi aliyeandikishwa, na shule inajibu alipo hadi saa 8:40. Mweleze hivyo ana kwa ana, bila kumkejeli. Ukitaka kumpa heshima ya umri wake, mruhusu aandike mwenyewe sababu na saa ya kurudi kwenye karatasi; simu kwa mzazi na sahihi mbili zibaki.

Adhabu iandikwe kwa ngazi. Kosa la kwanza: mazungumzo na mwalimu wa malezi, na sababu inaandikwa. La pili: mzazi anaitwa. La tatu: kamati ya nidhamu, na kazi za shule baada ya saa za masomo. Kumsimamisha mtoro kunamwongezea siku za kukaa nje, usianzie huko. Kuhusu viboko, kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na viandikwe kwenye daftari. Kiboko cha papo kwa papo getini kiko nje ya kanuni.

Pande tatu zilizo wazi zipandeni michongoma mvua zikianza, miche miwili kwa kila mita. Msipande minyaa: utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Huku ikikua, wekeni mwalimu mmoja kwenye njia ya panya inayotumika zaidi, saa 4:40 hadi 5:20 tu. Geti lifungwe kwa komeo, mlinzi akiwa hapo. Mkitumia kufuli, ufunguo usiondoke kibandani, kwa sababu ya moto na kwa sababu ya mgonjwa.

Wiki tatu zinatosha. Wiki ya kwanza fomu za mawasiliano zipelekwe nyumbani na zirudi, na namba zipigwe moja moja kuhakikiwa. Walimu wanane wakigawana, kila mmoja ana fomu 80. Wiki ya pili vitabu vichapwe, walimu na mlinzi wapitishwe hatua kwa hatua. Wiki ya tatu jaribuni na kidato cha pili peke yake. Msongamano utauona saa 4:40, wote wanapoomba ruhusa kwa mpigo na mwalimu wa zamu ana simu moja. Kwa dakika hizo 40 muongezee msaidizi na simu ya pili.